Nguzo ya Tatu kutoka Mlangoni

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, mpiga picha alikuwa amepiga magoti akikaza skrubu ya kiti cha wateja, kile kinachozunguka, mlango uliposukumwa wakaingia mama na binti yake.

Mtaa ulimwita mpiga picha huyo Usicheke. Studio yake ilitazamana na ofisi ya vizazi na vifo, kwa hiyo wateja wengi walitaka picha za vitambulisho, na kila aliyekaa kwenye kiti kile aliambiwa neno hilo hilo moja, awe bibi harusi au mstaafu. Mwenyewe hakujali. Kuna watu wana majina mabaya zaidi na wanalala usingizi.

Mama alikuwa mpiga pasi. Nusu ya mashati yaliyopita barabara ile yalikuwa yamepita kwanza mikononi mwake.

"Tunataka picha ya familia," alisema. "Watu watatu."

Usicheke alichungulia mlangoni. "Wa tatu bado anaegesha gari?"

"Wa tatu huyu hapa." Mama akafungua leso akatoa picha ndogo ya kitambulisho.

Usicheke aliijua. Aliipiga yeye mwenyewe, kijana alipokuwa anaanza kazi ya ujenzi wa jengo lile lile la ng'ambo ya barabara. Walimwita Ngazi kwa urefu wake. Siku ile alikuwa na furaha ya kupata kazi na alitaka kucheka, akakatazwa, na midomo yake ikabaki hivyo, kama mlango ulioachwa bila kufungwa vizuri.

"Pole. Alifariki lini?"

"Hajafa huyo," binti akadakia. "Katoroka. Yuko zake huko anakula maisha, na mimi kila nikigombana na mume wangu naambiwa kwetu ni ukoo wa watoro."

"Funga mdomo wako," mama alisema. "Kaka yako hajatoroka."

Ilikuwa imepita miaka miwili. Ngazi aliondoka nyumbani asubuhi na chakula chake kwenye kibakuli, jioni hakurudi. Kampuni iliandika kwenye daftari lake kwamba ametoroka kazini. Ilimrudishia mama kibakuli na viatu vya kijana vya kwendea nyumbani, na ikalalamika kwamba ameondoka na buti za kampuni. Shati ndilo lililomjulisha mama kwamba mwanawe amekufa. Kila wiki alilipiga pasi shati jeupe la Ngazi, na halikupata moto hata siku moja. Pasi ilikuwa nyekundu, shati baridi kama limetoka kisimani. Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe aandikwe kuwa amekufa, ili aliliwe kama watu wengine. Mtoro hana anayemlilia. Jirani hawezi kuja kukaa na wewe kwa ajili ya mtu aliyekimbia na buti.

Usicheke akatundika kitambaa cheusi ukutani akaeleza kazi yake. Angewapiga wao wawili kwanza, wakiwa wameacha nafasi katikati. Kisha bila kuisogeza filamu angebandika picha ya Ngazi juu ya kitambaa hicho na kupiga tena, ili picha mbili zikae juu ya kipande kimoja cha filamu. Penye weusi filamu haishiki kitu, kwa hiyo nafasi humngoja anayekuja.

"Ila msije mkadai nimeiharibu," alisema. "Anayekuja kwa njia hii huja na vitu vya alikotoka."

Hakuwa anatisha watu. Babu mmoja aliyezama mtoni alitoka na maji. Picha yake ilining'inia kwenye kamba wiki mbili ikidondoka, na mpaka leo ukoo wake unaiweka juu ya sinia. Shangazi mmoja aliyefia kitandani alitoka na mikunjo ya shuka shavuni.

Walisimama. Binti aliacha nafasi ya kupitisha fagio.

"Sogea," mama alimwambia. "Kaka yako ana mabega."

Siku iliyofuata Usicheke aliisafisha filamu, akaichapa picha, akaitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Mama alianza kutokea, halafu binti, halafu Ngazi. Picha ndogo ilikuwa imemkata mabegani, lakini alitoka mzima, kichwa kimewapita wote wawili, mikono ameinyoosha juu hadi vidole vikagusa ukingo wa karatasi. Na kuanzia nywele hadi buti ngozi yake haikuwa ngozi. Ilikuwa na kokoto ndogo na vitundu vya hewa, na juu yake ilipita mistari ya mbao, mirefu, wima, jinsi zege linavyotoka linapofunguliwa mbao zake. Kifuani palikuwa na jicho la ubao, alama ya pale tawi lilipoota, na juu ya jicho alama ya kibati cha mraba na misumari minne.

Usicheke aliitoa kwenye maji akaianika.

Alhamisi mama na binti walikuja kuichukua, na wakamkuta fundi mbao aliyekuwa akimletea Usicheke fremu. Mtu mnene, mcheshi, penseli sikioni. Aliipokea picha ili aipime, akatoa utepe wake wa kupimia, kisha akaurudisha mfukoni.

"Hiki kibati nimekipigilia mimi," alisema.

"Kibati gani?" mama aliuliza.

"Hiki cha kifuani. Ubao wangu ulikuwa na jicho limetoboka. Nikaona zege litavuja, nikaziba kwa kipande cha kopo la rangi. Nilikuwa na ubao mmoja tu wa namna hii, mama. Nguzo ya tatu kutoka mlangoni, mkono wa kushoto." Akaelekeza ng'ambo ya barabara kwa kidevu.

"Na mikono? Mbona kainyoosha juu?" aliuliza binti.

Fundi mbao aliweka fremu zake chini, moja moja.

"Kabla ya kumwaga zege lazima mtu ashuke ndani ya mbao aokote maranda na vipande vya waya. Tulimshusha yeye. Mwembamba, halafu mrefu. Akimaliza ananyoosha mikono, tunamvuta. Mimi nikaitwa upande wa pili. Niliporudi, bomba lilishaanza kumwaga. Nikasikia kugongwa. Nikamwambia msimamizi, akasema hiyo ni mashine ya kushindilia. Jioni akasema Ngazi katoroka."

"Nawe ukaamini," mama alisema.

"Niliamini. Kesho yake nilikuwa na kazi."

Binti alikaa kwenye kiti cha wateja. Kiti kikazunguka taratibu kikamgeuzia ukutani, naye hakukizuia.

Walivuka barabara wote wanne. Ukumbi wa ofisi ulikuwa na nguzo sita nene, zimepigwa plasta na rangi ya maziwa, na foleni ilipita katikati yake. Kwenye ile ya tatu palibandikwa karatasi iliyosema watu wasisukumane. Mama alitoa shati jeupe kwenye mfuko akaliegemeza kwenye nguzo, akalishika kwa viganja viwili. Lilipata moto. Lilipata moto kama limetoka chini ya pasi wakati ule ule. Mzee mmoja kwenye foleni alimwomba asogee kidogo, apite.

Karani wa vifo alikuwa kijana wa adabu, na shati alilovaa lilikuwa limenyooshwa na mama juzi.

"Shikamoo mama. Hati ya kifo inataka mwili, au karatasi ya daktari aliyeuona mwili."

"Mwili watu wako wanauegemea toka asubuhi," mama alisema, akamwekea picha mezani.

Karani aliitazama, akainuka, akaenda hadi kwenye nguzo, akaigusa mahali pa kifua. Alirudi akikuna shingo.

"Ni kweli, yumo. Lakini kwenye daftari la kampuni yeye ni mtoro. Mtoro siwezi kumwandika amekufa mpaka mwajiri aandike kwamba amerudi kazini."

"Arudi kazini ndipo afe?"

"Ndio utaratibu, mama. Sikuutunga mimi."

"Basi ibomoeni, mwanangu. Nitamwosha mwenyewe."

"Nguzo hiyo imebeba ghorofa tatu." Akashusha sauti. "Na jengo ni la kampuni, sisi ni wapangaji tu. Ghorofa ya juu kabisa ni ya mkurugenzi wake wa ujenzi. Yule aliyekuwa msimamizi."

Fundi mbao alitoa maelezo yake. Aliyasema polepole, karani akayaandika yote, hata kibati na misumari minne, akayagonga muhuri na kuyaweka kwenye jalada, na jalada likawekwa kabatini pamoja na mengine yanayongoja waajiri. Binti ndiye aliyelia, hapo hapo mbele ya dirisha, kwa sauti. Mlinzi alimwambia kwa upole kwamba wanaolia hukaa benchi la nje.

Miezi mitatu baadaye jengo lilitimiza mwaka tangu kufunguliwa, na wakubwa wa kampuni wakataka picha ya pamoja ukumbini. Akaletwa Usicheke kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Walikuwa kumi na wawili, na yule msimamizi wa zamani, sasa mkurugenzi, alisimama katikati kabisa. Usicheke alitundika kitambaa chake cheusi nyuma yao.

"Acheni nafasi hapo, kulia kwa mheshimiwa," alisema.

"Nafasi ya nani?"

"Ya mwanga."

Wakaacha. Akawaambia wasicheke, akapiga. Halafu aliigeuza kamera bila kuisogeza filamu, akailenga nguzo ya tatu, plasta na rangi na karatasi yake ya kusukumana, akapiga tena.

Picha ilitoka safi. Wakubwa wote walionekana, hadi vifungo vya makoti. Karatasi na rangi hazikushika. Nafasini alisimama Ngazi, zege tupu na mistari ya mbao, mikono juu, na mkono wa mkurugenzi, uliokuwa ukining'inia alipopigwa, sasa ulikuwa umetua begani mwake kama mkono wa rafiki. Usicheke aliitazama midomo ile chini ya taa nyekundu ya chumba chake cha giza. Ilikuwa bado haijacheka. Ilikuwa bado inamtii. Alikaa na picha ile majini muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kisha akaipeleka, akitegemea kufukuzwa au zaidi.

Mkurugenzi aliitazama kwa miwani na bila miwani.

"Huyu mrefu ni wa idara gani?"

"Ujenzi," Usicheke alisema.

"Katoka vizuri. Sote tumetoka vizuri. Ikuzwe."

Ikakuzwa hadi upana wa meza. Chini yake yaliandikwa majina kuanzia kushoto, kumi na mawili kwa watu kumi na watatu, na ikaamriwa itundikwe kwenye nguzo ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotazamana na mlango. Fremu ilikuwa ya fundi mbao, kwa hiyo akaitwa yeye kuipigilia. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kupewa na watu wa kampuni ile.

"Weka usawa wa macho," karani alimwelekeza. "Watu wasome."

Fundi mbao aliweka kiganja kwenye nguzo. "Usawa wa macho ni kifuani kwake." Akapandisha kiganja. "Hapa ni paji la uso." Akaleta ngazi, akapanda vidato viwili, akapapasa tena. "Hapa ni viganja." Akapanda vingine, akaunyoosha mkono wake mwenyewe hadi mwisho, akaongeza shubiri moja, na hapo ndipo alipopiga msumari, karibu na dari.

"Sasa nani atasoma majina huko?" karani aliuliza.

"Yenyewe hayajatimia."

Picha ipo mpaka leo. Kwenye daftari la kampuni Ngazi bado ni mtoro, na jalada bado liko kabatini. Kila Ijumaa, akishamaliza kugawa mashati, mama huvuka barabara na lile jeupe mkononi, hulipasha moto kwenye nguzo, huku foleni ikimzunguka bila kumsukuma. Kisha hurudi nyuma hatua mbili, huinua uso, na huzungumza na mwanawe habari za wiki. Karani alimwonea huruma siku moja, akamletea kiti, akamwambia shingo itamuuma kutazama juu namna hiyo.

"Nimezoea," mama alisema. "Tangu ana miaka kumi na minne naongea naye hivi hivi."