Usifute Meseji ya Wachira

Tangu asubuhi kabahasha kalikuwa kanawaka na kuzima kwa kioo cha simu, na Munyiva hakutaka kukaangalia. Maana yake aliijua. Simu imejaa, meseji mpya zimekwama huko nje. Dawa ni kufuta. Lakini mwezi uliopita kidole kiliteleza akafuta zote, hadi ile ya dadake ya kumwelekeza kwa mazishi. Leo hangejaribu.

Kibanda chake cha kutuma pesa kilikuwa Uthiru, kimepakwa zambarau ya kampuni ya Radi juu hadi chini. Radi walikuwa wakubwa mpaka watu hawasemi tena nitumie pesa, wanasema niradie. Halafu kampuni ndogo, Tumana, wakamletea kibango. Wateja walikuwa wanaiulizia, akakitundika. Jumanne Wachira, mtu wa Radi anayezungukia maajenti, akamwandikia: "Mama Mwendwa toa hiyo kitu ya Tumana kabla Ijumaa ama tunafunga laini. Usiseme hukuambiwa."

Hiyo ndiyo meseji alikuwa anachunga. Leo asubuhi simu ilipojaa, meseji za pesa hazingeingia, kwa hivyo aliwaambia wateja netiwaki iko chini.

"Netiwaki ya kila mtu iko juu," Mbuthia wa duka la mbao akamcheka. "Yako ndiyo imechoka peke yake?"

Sasa ilikuwa Alhamisi mchana, na alikuwa amepanda ngazi za ofisi ya serikali mjini, ile ya kuzuia wakubwa wasifinye wadogo. Akakaa. Akasimama. Akatoa simu kwa mfuko, akairudisha, akaitoa tena. Betri ilikuwa imebaki mstari mmoja.

"Mama, utatoboa hiyo sakafu," ofisa akamwambia kutoka mlangoni. Aliitwa Peres, mwanamke wa sweta na miwani ya kamba. "Ingia."

Peres alisoma meseji mara mbili. "Maajenti kumi na wawili wamenipigia wakaniambia hivi hivi. Hakuna hata mmoja alikuwa na maandishi. Radi wanasema hiyo sheria haiko, eti ajenti ako huru."

"Huru aje na tunaambiwa hivi?"

"Ndiyo nataka wanijibu." Akaanza kunakili kwa kalamu, neno kwa neno, namba ya Wachira, tarehe, saa. Halafu akageuza karatasi. "Jina hapa, na sahihi."

Munyiva aliiangalia ile nafasi tupu. Mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza, ukakataa kutulia.

"Nikiweka jina, madam, watafunga laini?"

Peres alivua miwani. "Sitakudanganya. Mimi niko na barua na mhuri. Laini iko kwao."

Laini ndiyo ilikuwa inalisha nyumba na kusomesha mwanawe Mwendwa. Munyiva alifikiria kurudi, atoe kibango, amwambie Wachira pole. Halafu akafikiria wale kumi na wawili, kila mtu kwa kibanda chake akidhani ni yeye peke yake anafinywa. Akachukua kalamu, akaandika jina lote, hadi la babake.

"Sasa naweza kufuta?"

"Futa zingine. Hiyo wacha."

Alifuta ya kwanza pole pole. Ikatoka moja, na papo hapo simu ikalia. Iliyokuwa imengoja nje ikaingia.

Aliisoma hadi mwisho. Mguu wake ukatulia.

"Ni nini, Mama Mwendwa?"

Akamsukumia simu juu ya meza. Ilitoka Radi: "Ndugu ajenti, laini yako imefungwa kwa kutundika kibango cha Tumana." Ilikuwa imetumwa saa mbili asubuhi, kabla hajatoka Uthiru, hata Ijumaa haijafika.

Peres alivaa miwani tena. "Kwa hivyo walikuwa wamefunga ukiwa bado unaogopa kufungiwa." Akachomoa karatasi nyingine. "Hii nayo niandike?"

"Andika," Munyiva akasema. "Andika na saa. Na ufanye haraka, betri inaisha."