Kovu la Pajani

Nchi ya Shanguru imelala juu ya uwanda mpana uliozungukwa na milima ambayo hakuna aliyepata kuivuka kwa miguu. Kwa hiyo watu wake hutoka na kuingia kwa ndege, na aliyeushika mlango wa ndege ameishika nchi. Mlango huo umeshikwa na Mlinzi Mkuu, mtu mwenye shingo nene na maneno machache, pamoja na jamaa zake, ambao hula kwa niaba ya taifa zima na kucheua hadharani ili wananchi wajue kwamba wameshiba.

Homa ya milimani ilipowamaliza watu, waganga wa ng'ambo walileta chanjo. Aliyechanjwa alibaki na kovu dogo begani, na homa ikampita. Kovu lilikuwa kovu. Lakini Washanguru, wasiopokea kitu cha bure bila kukitafutia ubaya, walinong'onezana kwamba lile ni jicho, na kwamba kwalo Mlinzi Mkuu huwatazama hata wakiwa angani. Yeye hakuueneza uvumi huo wala hakuukanusha, aliupalilia. Aliweka langoni Wasoma-Kovu, wenye makoti meupe na vioo vya kukuzia, ambao msafiri alipofunua bega walimwambia kwa upole kwamba kovu lake limekwisha kusema yote, amebaki yeye. Basi huyu alikiri kwamba alimcheka Mlinzi Mkuu akiwa kitandani, yule akamtaja shemeji yake. Serikali haikuhitaji wapelelezi: kila msafiri alijipeleleza mwenyewe, na nauli akalipa.

Katika mji wa Kwamlembe, aliyeipinga chanjo kwa ufasaha kuliko wote alikuwa Mwalimu Ezekieli Ndolwa, mzee wa kanisa, mtu aliyeweza kusahihisha sala ya mwenzake kabla ya amina. Alihubiri juu ya jicho hilo kwa sura na aya, na watu wakamwitikia. Kisha ikaja habari kwamba Perusi, binti yake wa pekee aliyeolewa ng'ambo, amejifungua salama baada ya kuzika watoto wawili, na kwamba mtoto hatapewa jina mpaka babu yake afike. Ng'ambo hawampokei asiyechanjwa.

Mwalimu akaingia zahanati kwa mlango wa nyuma.

"Nichanje pajani, binti yangu," alimwambia muuguzi. "Huko jicho halitaona ila suruali."

"Na ukienda kuoga, Mwalimu?"

Tangu siku ile Mwalimu akawa anaoga na suruali.

Siku ya safari, Mlinzi Mkuu naye alikuwa langoni, akienda ng'ambo kutibiwa meno. Msoma-Kovu akamwambia Mwalimu afunue bega. Bega lilikuwa laini kama la mtoto, na amri ikatoka kwamba arudi nyumbani. Mwalimu akamfikiria mjukuu asiye na jina. Akafungua mkanda.

Kicheko kilichozuka kiliwafikia marubani. Mama Yunisi wa kwaya, aliyekuwa nyuma yake mstarini, alimwonesha bega lake lenye kovu la zamani.

"Sisi tulikwisha kuchanjwa, baba. Tulikuwa tunakusubiri umalize mahubiri."

Mlinzi Mkuu alicheka kuliko wote, mkono shavuni. Mwalimu, suruali ikiwa vifundoni, akaona kwamba heshima aliyoilinda maisha yake yote imekwisha kwenda, wala hakufa. Akamgeukia.

"Mheshimiwa, langu wameliona. La kwako liko wapi?"

Kicheko kikakatika. Mlinzi Mkuu alilishika bega la koti lake, asilifunue. Wako wasemao hakuchanjwa, kwa kuliogopa jicho alilolipalilia mwenyewe; wako wasemao analo, ila hakutaka lione watu wake wanavyomtazama. Mama Yunisi akamwelekezea bega lake. Aliyemfuata akafunua la kwake, na wa nyuma yake, mpaka mstari mzima ukawa mabega matupu. Makovu yale, ambayo hayakupata kuona kitu tangu yafanyike, yalimkodolea. Naye akaishusha kofia yake, akajifunika uso.

Wasoma-Kovu hawakujua wamtazame nani. Mwalimu Ndolwa akapandisha suruali, akafunga mkanda, akapita.