Upepo wa Jumanne

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ghala la kayaki, mitumbwi myembamba ya kukodisha, halijafunguliwa, Jicho alikuwa akisimama kwenye ngazi za zege na kikombe cha chai, akipima upepo kwa macho. Kifaa hakuwa nacho wala hakukitaka. Alianza na nguo zilizoanikwa kwenye roshani za ng'ambo ya barabara, akaja kwenye bendera ya ofisi ya bandari, kisha kwenye miti iliyo juu ya jabali. Majani yakicheza tu, upepo ni namba mbili. Bendera ikinyooka, tatu. Vumbi na karatasi zikiinuka, nne, na wanaojifunza hawatoki. Miti midogo ikiyumba mwili mzima, tano, na hapo hatoki mtu, awe nani. Maji aliyatazama mwisho kabisa, tena yale ya mbali, nje ya rasi. Upepo wa kutoka nchi kavu huruka juu ya jabali na kuyaacha maji ya karibu yametulia tuli, na asiyejua huyaamini hayo.

Akimaliza aliandika namba moja ubaoni kwa chaki, basi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na moja, mpaka jina alilopewa na wazazi wake watu wakalisahau.

Jumanne ile aliandika tano, akaingia ghalani kupanga majaketi ya kujiokolea. Meneja akafika, akachungulia maji ya pale ngazini, akafuta tano kwa kiganja na kuandika mbili. Wateja wanne walikuwa wanasubiri, na meneja hakupenda watu wasubiri. Mdogo wake Jicho, aliyekuwa kiongozi wa safari, akausoma ubao na kuingia majini bila kuuliza, maana ubao ulikuwa wa dada yake, na dada yake hakuwahi kukosea. Nje ya rasi upepo uliwakamata. Aliwafunga wateja kamba, akawavuta wawili wawili mpaka nyuma ya jabali, wote wanne wakapona. Mwili wake yeye ulipatikana Alhamisi.

Ripoti ya kampuni ilichapwa wiki iliyofuata. Upepo: mbili. Chanzo cha ajali: uzembe wa kiongozi. Karatasi ilipotoka kwenye mashine, upepo wa Jumanne uliingia ofisini kwa meneja na haukuondoka tena. Ulitokea kwenye ukuta wa nyuma, usio na dirisha, ukavuka meza na kuishia mlangoni. Fundi aliitwa, akakuta feni haijachomekwa, akasema feni ni nzima na kwenda zake. Karani akaanza kuvaa mtandio wa kufunga kidevuni. Kalenda ilipigiliwa misumari minane. Chai ya meneja ilifanya mawimbi yenye povu kikombeni, naye akajizoeza kuinywa upesi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya lami.

Nakala ya ripoti ilipelekwa nyumbani kwa mama yao. Mama aliisoma mara moja, akaikunja, na tangu siku hiyo akaacha kupita sokoni, kwa sababu majirani walikwisha kusikia neno uzembe na kila mmoja alikuwa na la kuongeza.

Kisha akaja mkaguzi kufunga faili la ajali. Alihitaji saini ya mpima upepo, kwa hiyo Jicho aliitwa ofisini kwa meneja. Meneja alimweleza kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, asaini tu kila mtu apumzike.

"Hayakumwagika," Jicho akasema. "Uliyamwaga wewe."

Mkaguzi alikuwa ameweka goti juu ya faili na mkono mmoja kichwani. Mtu mpole, mwenye tai iliyomzunguka shingo na kumchapa mgongoni. Jicho alimwonea huruma kidogo, halafu huruma ikamwisha. Akamwomba ashike ile fomu kwa ncha moja, aiinue. Mkaguzi akainua. Fomu ikanyooka hewani, ikawa inapigapiga.

"Sema mwenyewe, hiyo ni ngapi?"

"Dada yangu, mimi nimetumwa kuchukua saini," mkaguzi akasema. "Sikutumwa kupima." Akaomba apewe jiwe la kukandamizia karatasi, akapewa.

Jicho hakusaini. Alisema hata wakimkata mkono hausaini, na meneja akasema hakuna haja ya kukata mtu mkono, akasaini yeye mwenyewe kama kaimu mpima upepo. Mkaguzi aligonga muhuri juu ya neno uzembe. Jicho akanyang'anywa chaki, akahamishiwa ghalani kabisa, kugawa majaketi.

Siku tatu baadaye mama yao alikuja, saa za kazi, amevaa nguo zake za kwenda kwa watu. Hakumsalimia meneja. Alivuta kiti katikati ya ofisi, akakigeuza kuelekea ukuta wa nyuma, akaketi, Jicho akisimama kando yake. Mtandio ukamvuka kichwani ukaning'inia mlangoni. Alikaa vile kwa muda mrefu, macho wazi, yakimtoka machozi ambayo upepo uliyapeleka masikioni.

"Ndio wenyewe huu?"

"Ndio, mama."

"Na mwanangu alivuta watu ndani ya huu?"

"Wanne. Kwa safari mbili."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi waandike watakavyo," akasema, na alipotoka alipita sokoni, katikati kabisa, akimsalimia kila mtu kwa jina.

Meneja aliomba mlango ufungwe, karatasi zinaruka. Jicho aliufungua zaidi, akauwekea kayaki mbovu usifungike, akatoka nje. Wateja sita walikuwa wamejipanga mbele ya ubao, kofia mikononi. Ubaoni, kwa mwandiko wa meneja, palikuwa na mbili. Juu ya jabali miti ilikuwa ikiyumba mwili mzima. Jicho aliwapitia mmoja mmoja, akawaambia kila mmoja kwa sauti ya kawaida kwamba ni tano. Wawili walirudi nyumbani. Wanne walimshukuru, wakanyoosha mikono wapewe majaketi.