Herufi Mbili Zilizofutika Juu

Wenzangu mnaopeleka watoto zahanati, maandishi ya kompyuta msiyaamini kwa kuyaona tu. Ombeni msomewe, tena mwisho kabisa, karani akishamaliza kugusagusa.

Kitinda mimba wangu hapatani na penisilini. Alipochomwa akiwa mchanga alivimba uso, pumzi ikakatika, nikaanza kumlilia kama aliyekwenda. Tangu siku hiyo jina la dawa hiyo limenikaa kichwani kuliko langu.

Miezi michache iliyopita kifua kilimbana. Karani wa dirishani, yule wa vidole vyepesi tunayemwita Chapchapu, akaandika ugonjwa kwenye kisanduku cha maelezo ya mwanangu. Nikamuuliza kama lile onyo la dawa lililoandikwa humo zamani bado lipo. Akayarudisha maandishi mpaka mstari wa juu, akabonyeza katikati ya neno, akanisomea: asipewe penisilini. Nikashukuru. Akateremka tena chini alikokuwa akiandika, akakuta ameandika "kikohozizi".

"Kikohozi chako kina mwangwi, mjomba," akamtania mwanangu.

Akagusa kitufe cha kufutia mara mbili. Herufi hazikutoka. Akasema mashine imeamka na uvivu, akabonyeza palepale chini, akafuta tena, zikatoka. Tukaenda kwa nesi.

Nesi akasoma kwenye kompyuta yake, akaanza kuandaa sindano. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema penisilini. Nikamvuta mtoto nyuma yangu.

"Nesi, huyu hapatani nayo."

"Imeandikwa apewe, mama."

"Aliyeandika hakumzaa. Niitie Chapchapu."

Nesi, Mungu ambariki, akaiweka sindano chini. Chapchapu akaja na maneno yake kwamba kompyuta haisahau kama sisi watu wazima. Akasoma. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akabonyeza juu, akateremka chini, akagusa kitufe cha kufutia, akapanda kutazama. Huko juu herufi nyingine ilikuwa imetoka.

"Mama," akasema polepole, "macho yangu yalikuwa chini. Kile kijiti kinachopepesa kuonyesha pa kuandika na kufuta nilikiacha juu, katikati ya neno. Nimeifuta 'si'."

Asipewe ikawa apewe.

Nesi akakaa kitini. Hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Mwanangu akauliza kama bado atachomwa, nikamwambia hapana.

Aliyeitengeneza programu aliitwa. Siku hizi ukigusa kitufe, kisanduku chenyewe kinakimbilia pale kijiti kilipo, ukione unachokifuta kabla hakijaleta msiba. Na karani akifungua maelezo ya mtu, kijiti kinamngoja mwisho wa maandishi, si katikati ya maneno ya watu.

Wamenihakikishia imetengemaa, nami siwabishii. Lakini mtoto ni mtoto. Kila tukienda nasimama dirishani, mkono begani kwake, namwomba Chapchapu anisomee kwa sauti. Siondoki mpaka niisikie ile "si".