Sindano ya Mwanamina

Bibi yenu Mwanamina hakuwa mtu wa woga. Tulivuka naye Ruvuma tukimkimbia Mreno na kazi zake za shuruti na viboko, mamba wako pale wanaota jua, na yeye alikunja kanga yake akaingia mtumbwini. Kwetu Tungi, ng'ambo ya mto, nyie mnajua. Huku Rufiji tulikuja wageni, hatuna mjomba wala shangazi. Mie nikapata kazi ya kukata boriti za mikoko kisiwani Maparoni, yeye akapewa kijaruba cha mpunga na Bibi Mashavu, mkunga, ndiye aliyetupokea, Mungu amrehemu, mama mmoja ana sauti kama mwadhini. Vita vya Hitla vimeshakwisha wakati huo, Mwingereza bado yupo.

Basi mtu huyo asiyekuwa na woga asubuhi moja akatoka msalani uso umemsawijika. Nikamwuliza una nini. Nikamwuliza tena.

"Mwite Bibi Mashavu," akasema.

Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuonekana. Na hili lazima niwaambie: mimba yetu ya kwanza ilitoka kule Tungi, na ilianza hivyo hivyo, damu asubuhi, halafu basi. Kwa hiyo Bibi Mashavu alipoingia ndani mie nilikaa nje kizingitini, shoka la kazini liko mkononi, nimelisahau kabisa.

Alipotoka akanivuta pembeni. "Mwenzio anakojoa damu."

"Mimba?"

"Ndiyo sijui. Yeye hajui, mie sioni ndani. Kama tumbo limeharibika lazima lisafishwe, mizizi ninayo. Likikaa litamchukua na yeye."

"Na kama ni mkojo tu?"

"Kama ni mkojo tu, na mie nikampa mizizi, nitakuwa nimemuua mtoto wako mzima." Akajifunga kanga kiunoni. "Mpeleke Kibiti. Pale dispensari kuna dresa, mganga wa serikali, ana darubini ya kutazamia mkojo. Nami nakwenda nanyi. Akishindwa yeye, nitampa mwenzio mizizi huko huko, sitangoja."

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwanamina akakubali kwenda, lakini alikataa katakata mwanamume yeyote ajue haja yake. Zamani ile mambo ya mwanamke ya ndani hata mume haambiwi na mkewe mwenyewe, hupitia kwa somo wake, kungwi aliyemfunda. Mie nilikuwa nimejua kwa kinywa cha Mashavu, na hilo tu lilikuwa limemkera.

"Sema mkojo ni wako," akaniambia. "Ukinitaja kwa mwanamume, wallahi sikupikii tena mpaka nife."

Nikaona si neno. Maana dispensari tulikuwa tunaijua: unakwenda unakohoa, unapewa chupa ya dawa, unakunywa kwako. Nitapewa chupa, nitampa yeye, imekwisha. Nikasuuza chupa ya mafuta ya taa, Mashavu akaingia nayo ndani, ikarudi imefungwa kwa jani la mgomba.

Tukapanda mtumbwi mpaka penye barabara, kisha lori la boriti. Dereva alimweka Mwanamina mbele, Mashavu kando yake, mie juu ya magogo nimekumbatia chupa. Njia ile jamani! Kila shimo nilikuwa nalisikia mie tumboni. Katikati ya njia lori likasimama, Mashavu akamshika mkono wakaingia kichakani. Waliporudi nikamtazama Mashavu. Akatikisa kichwa: damu haijazidi. Nikavuta pumzi. Mwanamina hakunitazama kabisa, alikuwa anahesabu tasbihi.

Kibiti tukakuta watu wamejaa. Wanawake barazani, wanaume ndani kwenye benchi. Pembeni yangu alikaa Mndengereko mmoja, mwenyeji wa huku, Sadala, ana kidonda mguuni na mdomo haupumziki.

"Chupa ya nini hiyo, mgeni? Chai?"

"Mkojo."

"Una nini?"

"Una damu."

Akacheka mpaka akashika kidonda. "Damu! Umefunga safari kwa ajili ya damu? Sie watoto wote wa mabondeni tumekojoa damu, babu zetu walisema ndiyo ukubwa unaingia. Wewe kwenu mnakojoa maziwa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mie nikatazama dirishani, nikaona kanga ya Mwanamina kwenye baraza, ameinama.

Nikaitwa chumbani, mlango ukaachwa wazi kwenye benchi. Dresa jina lake Husseini, kijana mwembamba, shati lake limepigwa pasi. Akafungua chupa, akanusa. "Bwana, unakojoa mafuta ya taa?" Kisha akadondosha tone kwenye kioo, akainamia darubini. Akakaa. Mie nahesabu pumzi zangu. Akasogeza, akainama tena.

"Kichocho," akasema. "Njoo uone."

Nikatia jicho. Nikaona punje kama za ufuta, na kila punje ina mwiba kwa nyuma. "Hayo mayai ya mdudu. Umempata kwenye maji ya mpunga."

Wallahi nilitaka kumbusu. Si tumbo! Ni mdudu! Nikainuka niende barazani.

"Unakwenda wapi? Kaa. Leta mkono."

Nikageuka, nikaona sindano. Ndefu hivi, na msaidizi wake anakuja na mpira wa kunifunga mkono. Mie sikuwa nimefikiria sindano. Chupa hubebwa, sindano hubebwaje?

"Bwana Dresa," nikasema, "nitilie kwenye chupa, nitakwenda kuinywa nyumbani."

Sadala huko nyuma akapiga makofi. Dresa hakucheka. "Hii hainywewi. Inaingia kwenye mshipa polepole. Ikimwagika nje ya mshipa nyama inaoza. Utakohoa, utatapika, na utarudi tena kwa nyingine, na nyingine. Kunja ngumi."

Msaidizi ameshanifunga. Ncha iko juu ya mshipa. Nikafikiri, nikichomwa mie, yeye anapona vipi? Na nikimleta yeye achomwe dawa kali namna hii...

"Na mtu akiwa na mimba?" nikauliza.

"Una mimba wewe?"

Lo! Dispensari nzima ikacheka. Kuna mzee alianguka kutoka benchini kwa kucheka. Lakini dresa akanitazama usoni, kicheko kikamwishia kidogo kidogo, akaiweka sindano kwenye sahani. Akamfukuza msaidizi, akafunga mlango.

"Mkojo wa nani?"

Nikakumbuka kiapo cha Mwanamina, nikaanza kujifungua mpira mkononi.

"Sikiliza, baba," akasema taratibu. "Mwenye mimba nikimchoma hii, mtoto anaweza kutoka. Na mayai haya hayaniambii yote. Mtu anaweza kuwa na kichocho na mimba ikawa inatoka vilevile, siku hiyo hiyo. Mwenyewe nisipomwuliza, sijui. Nawe hujui."

Ile furaha yote ikaniporomoka. Basi mlango ukagongwa, ukafunguliwa bila ya kungoja, Bibi Mashavu huyo mbele, Mwanamina nyuma yake kajifunika gubigubi. Dirisha lilikuwa wazi, walisikia yote.

"Wewe geukia ukutani," Mashavu akaniambia. Nikageuka.

"Mwulize," dresa akamwambia Mashavu, "damu inakuja mwanzo wa mkojo au mwisho?"

Mashavu akamwuliza, japo Mwanamina yupo hapo hapo na masikio anayo. Wakanong'ona. "Anasema hajatazama."

"Mwulize, asipokuwa anakojoa, nguo yake ina damu?"

Mashavu akauliza mara ya pili. Mie nautazama ukuta, kuna mjusi, hata yeye hatikisiki.

Halafu nikasikia sauti ya Mwanamina mwenyewe. "Nguo safi. Damu inakuja mwisho, matone, inaunguza. Kiuno hakinikati kama ile mara ya kwanza. Umesikia, Bwana Dresa, au nirudie?"

"Nimesikia, mama. Na mtoto, anacheza?"

"Tangu juzi sijamsikia."

Nikasikia kitanda kinalia, analazwa, nikasikia dresa anatafuta kitu kwenye kabati. Ni kipembe cha mti, niliona kwa pembe ya jicho, anakiweka juu ya tumbo na sikio upande wa pili. Nje watu bado wanacheka mambo ya mimba yangu. Mashavu akatoa kichwa mlangoni: "Nyamazeni, kuna mtu anasikilizwa!" Nikamsikia Sadala, "Nyie, nyamazeni, jamani, nyamazeni." Wakanyamaza.

Dresa akasikiliza. Akahamisha. Akahamisha tena. Nilisoma kila sura ya Kurani niliyofundishwa chuoni, na nilifundishwa chache.

"Njoo wewe," akamwambia Mashavu.

Mashavu akainama. Akakaa muda mrefu. Halafu yule mama wa sauti ya mwadhini akanong'ona, "Moyo wake huyu unakwenda mbio. Kama anafukuzwa na nguruwe."

Dresa akasema sindano zingoje, azae kwanza. Asitie mguu kwenye maji ya mpunga, asibebe, apumzike, na akiona damu nguoni arudi hata kwa machela. Niliyasikia yote, lakini kwa mbali.

"Mume wangu," Mwanamina akaita. Nilikuwa bado ukutani. "Njoo usikilize."

Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye kile kipembe. Masikio yangu yalikuwa yanavuma, sikusikia kitu. Akaniuliza, umemsikia? Nikamwambia nimemsikia.