Nafasi ya Kitindamimba

Mwaka 1983 nilikuwa Ujerumani kwa ufadhili, nikisomea kuchora ramani za chipu, vile vipande vya kompyuta vidogo kama ukucha. Baba alipofariki nilirudi Machame kumzika, nikaja na mtihani wangu: kupanga sehemu sita za chipu kwenye karatasi ya mirabaraba yenye upana wa meza. Mchungaji mmoja Mjerumani angeondoka nayo kurudi kwao Jumamosi. Isipofika, ufadhili ndio basi.

Sehemu tano nilikuwa na vipimo vyake. Ya sita, ya kumbukumbu, mwalimu alisema atanitumia kwa barua. Kila siku nilishuka posta ya Moshi, kila siku sanduku tupu, mpaka nikamchukia karani wa watu bure.

"Unachora nini siku zote hizo?" mama aliniuliza.

"Nagawa kama shamba, mama. Ila mmoja bado hajaja, sijui ukubwa wake."

"Huyo si kitindamimba? Muweke katikati, nyumbani kwa baba. Hilo nalo la kufundishwa, Ebenezeri?"

Kweli, nilikuwa nalijua. Katika kihamba, shamba letu la ukoo, kaka Ndelilio alipewa sehemu ya juu, kaka Filemon ya chini. Mimi wa mwisho nikaachiwa nyumba na migomba yake. Nikaacha nafasi katikati, nikazipanga zile tano kuizunguka, nikachora njia zote za umeme. Ijumaa asubuhi nilimaliza, nikajiona bingwa.

Saa saba nikaikuta barua sandukuni. Mwalimu aliiposti kwa kuchelewa siku kumi, wala hakuomba radhi. Kumbukumbu ilikuwa mara mbili ya nafasi niliyoacha. Ningeiweka ukingoni ingepanuka kwa nje. Hapo katikati ilikuwa imebanwa pande zote. Nikaanza kufuta njia moja baada ya nyingine, karatasi ikachanika.

"Si wasogee kidogo wenzake?" mama alisema kwa upole.

"Hawana pa kusogea, mama."

Nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Mchungaji akaondoka mikono mitupu, na Machi barua ya kunifukuza haikuchelewa hata siku moja.

Sasa nina mke na watoto wanne katika nyumba ya baba. Juzi nilitaka kuongeza chumba. Nikapima juu, nikagota kwenye kahawa ya Ndelilio. Nikapima chini, uzio wa Filemon. Ubavuni kuna kaburi la baba. Nikakunja futi kamba, nikarudi ndani.