Basi Linamngoja Askofu

Mimi ni dereva, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili msije mkategemea upole.

Basi la kanisa letu lilifika Jumatatu, jeupe pe, viti thelathini na vitatu, vyote bado vimevikwa nailoni. Kina mama wa kwaya walilipokea kwa vigelegele. Nilikabidhiwa ufunguo, pamoja na ahadi kwamba barua yangu ya ajira itatiwa saini Jumapili, siku ambayo askofu angekuja kuliweka wakfu. Nilikuwa nimekaa mwaka na nusu bila kazi, nikilishwa na cherehani ya mke wangu. Ufunguo ule nililala nao chini ya mto.

Tulinunua basi kwa sababu kanisa la ng'ambo ya barabara lilikuwa na mawili, na kila Jumapili yalikuwa yanakomba watu vijijini huku viti vyetu vya nyuma vikibaki vitupu. Kamati ikakaa, ikachukua mfuko wa wahitaji, ule uliokuwa unakodi gari la kupeleka wagonjwa hospitali, ikaumimina wote humo. Mwenyekiti alitueleza kwa ufasaha wake wote: basi litaleta watu, watu wataleta sadaka, na sadaka itawarudia maskini. Maskini walitakiwa kusubiri tu, tena kwa faida yao wenyewe. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mama Fagio hakupiga, alikuwa nje anafagia. Amelifagia kanisa hili tangu likiwa la udongo, na jina lake la ubatizo sidhani kama kuna anayelikumbuka. Basi lilipokuja alijiongezea kazi ya kuliosha kila asubuhi. Aliliosha kwa kulipapasa, akitafuta vumbi kwa kiganja, maana presha ya macho ilikwisha kumla jicho la kushoto na la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Jumatano alinipa barua nimsomee. Ilitoka kwa muuguzi wa zahanati. Madaktari wa macho wangefika hospitali ya mkoa siku moja tu, Ijumaa, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Mwisho wa kuripoti ni saa tano asubuhi. Chini muuguzi alikuwa ameongeza kwa kalamu: jicho la kulia likipasuliwa sasa litaokoka, likingoja mwakani litakuwa limekufa.

"Sasa mama, utaendaje?" nilimuuliza. Gari la abiria hutoka hapa Jumanne na Jumamosi tu, na kukodi gari kungemmalizia mshahara wa miezi miwili.

"Si kanisa litanipeleka?" alisema. "Siku zote linapeleka."

Nikaenda kwa mwenyekiti dukani kwake. Anauza saruji na mabati, na hupokea shida za watu akiwa anahesabu misumari.

"Dereva, basi halijawekwa wakfu," alisema.

"Mzee, ni mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Jioni litakuwa limeoshwa, limesimama pale pale."

"Askofu aje akute lina matope? Viti vimechanwa nailoni? Subira yavuta heri, ndugu yangu."

"Heri ya nani, mzee? Jicho halina subira."

Akanitazama, halafu akalitazama shati langu lililofifia kola, na nikajua anaifikiria ile barua yangu. "Nitaongea na kamati," alisema. "Ijumaa asubuhi njooni mapema."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu Mama Fagio alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, amevaa gauni lake la ibada, barua imo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipima oili, nikapima maji, nikapasha injini moto. Saa moja ikapita. Nikampigia mwenyekiti, akasema mweka hazina hajapokea simu. Saa moja na nusu, mweka hazina amepokea lakini anataka kumsikia katibu. Walitupiga danadana hivyo mpaka saa mbili na robo, ndipo mwenyekiti akatokea kwa miguu, anatabasamu, na nyuma yake fundi wa kuandika mabango na makopo yake mawili.

"Kamati haina kipingamizi," alisema. "Ila fundi amalize kwanza maandishi, maana kesho hana nafasi."

"Mzee, saa tatu tukiwa bado hapa tumechelewa!"

"Ni maneno matatu tu."

Maneno matatu yale fundi aliyapima kwa rula, akayachora kwa penseli, akayafuta, akayachora tena. PANDA TWENDE PAMOJA, kwa bluu, ubavu mzima. Alipomaliza ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, na mwenyekiti akasema sasa lisiguse vumbi la barabara mpaka rangi ikauke.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Toka alfajiri ulikuwa mfukoni, nami nina miguu, nina leseni, na barabara naijua kama kiganja changu. Ningempandisha yule mama saa moja, nikaondoka, wakaja kunifukuza jioni. Lakini niliifikiria saini ya Jumapili, nikafikiria cherehani ya mke wangu, nikasimama pale kama kigingi. Mwenyekiti nimemtukana kimoyomoyo mara mia, na kila mara tusi linanirudia.

Mama Fagio aliuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akaukunja mfuko wake wa plastiki, akaenda kuvua gauni la ibada ili afagie.

Jumapili askofu alikuja, akaomba, akanyunyiza maji, nailoni zikang'aa. Barua yangu ikatiwa saini kwenye boneti. Halafu mwenyekiti akatangaza kwamba abiria wa kwanza atakuwa muumini wetu mkongwe, kielelezo cha wahitaji ambao basi hili limeletwa kwa ajili yao. Wakamwongoza Mama Fagio kwa mkono. Alipofika ubavuni akasimama, akapitisha kiganja juu ya maandishi.

"Mwanangu, wameandika nini?" aliniuliza polepole.

Nikamsomea.

Wakamwekea kipaza sauti mdomoni ashukuru. "Namshukuru Mungu," alisema. "Basi naambiwa ni zuri." Watu wakashangilia, askofu akiongoza makofi.

Nikamkalisha kiti cha mbele, nyuma yangu. Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kijijini, kukusanya watu wapya. Nilishika usukani, nikashindwa kuwasha.

"Mama, nisamehe," nilisema. "Ijumaa ningekuchukua. Niliogopa."

Alikuwa anaipapasa nailoni ya kiti, anaisikiliza inavyolia.

"Endesha, mwanangu," alisema. "Mwakani rangi itakuwa imekauka."